Mvua Kwenye Sauti ya Mwanangu

Kama ndiyo kwanza unaufungua ukurasa huu, mimi ni yule mpishi wa kambi za barabara. Umri wangu umeishia kuwapikia wanaume wanaochimba na kushindilia. Barabara ikifika mwisho nafunga masufuria, nahamia inayoanza. Hata shule niliisoma hivyo hivyo, darasa moja huku, nusu darasa kule.

Nilinenepa kwa kuonja. Sina namna nyingine ya kulieleza. Nilifika mahali pa kuvuliwa viatu na watu, sukari iko juu, magoti yamegoma, ndipo madaktari wakanikata tumbo wakaniachia kijifuko chembamba kama ndizi. Hayo nimeshayasimulia.

Nimesimulia pia jinsi mwanangu wa pekee, binti aliyelelewa na marehemu mama yake wakati mimi niko porini, alivyonipokea kwake nilipotoka hospitali. Alinisikiliza hadithi zangu za kambi, akaniona nikipungua wiki kwa wiki. Yeye naye alikuwa mzito tangu utoto. Siku moja akaweka kijiko chini akasema, "Baba, na mimi naenda."

Wiki iliyopita niliwaacha pale alipotoka kwenye chumba cha upasuaji, bado ana usingizi, akaninyooshea kidole gumba. Nikacheka peke yangu kwenye korido, watu wakanigeukia.

Laiti ningejua, ningekimeza kile kicheko.

*

Tuna kikundi chetu. Ni watu waliokatwa tumbo na wanaongoja kukatwa. Jumamosi tunakutana kwenye ukumbi wa mazoezi wa hospitali.

Mwenye kikundi ni mama mmoja mtu mzima, tunamwita Mama Viti. Huwahi kabla ya wote, anavitoa nje viti vyote vyenye mikono, anapanga mabenchi.

"Kiti cha mikono ni mtego," huwaambia wageni. "Unaingia, hutoki. Mimi harusini nimewahi kusimama nacho, bwana harusi akadhani nimekuja na zawadi."

Kila anayekatwa hupewa mtangulizi, yaani mtu aliyekwisha kupita njia hiyo, wa kumpigia simu saa yoyote. Nilimwomba Mama Viti niwe mtangulizi wa mwanangu.

"Ndugu kwa ndugu haturuhusu," akasema. "Ndugu huogopana. Huyu akitapika, yule anapiga yowe. Basi wanaanza kufichana. Nipe mimi."

"Mama, yule ni damu yangu."

"Ndiyo maana nakuambia nipe mimi."

Nikampa.

Jambo jingine tulilo nalo ni kuitika. Kila asubuhi, kabla mtu hajaenda kwenye shughuli zake, anarekodi sauti yake kwenye simu na kuituma kwenye kundi. Anasema amekunywa nini, amekula nini, ametembea mpaka wapi. Wengine wanajibu "tumekusikia." Basi, hakuna hotuba.

Kwa wenzangu kuitika kulikuwa sehemu ya dawa. Kwangu kulikuwa kitu kingine kabisa.

Miaka ya kambini, simu ilishika juu ya kilima tu. Mwanangu nilimsikia kwa nadra, na kila mara ilikuwa, "Shikamoo baba, huyu hapa mama." Sasa nikawa namsikia kila kunapokucha. Nachemsha chai yangu, nakaa kitandani, nangoja.

"Hamjambo wapendwa. Nimekunywa maji, nimekula yai moja laini, lote. Nimetembea hadi duka la dawa na kurudi. Baba, umeamka?"

Hilo la mwisho lilikuwa langu. Nami najibu mbele ya kundi zima, sauti inanitetemeka kama kijana anayeposa, "Nimeamka, mama."

Mwanangu anafanya kazi kampuni ya maji, anapokea simu za wateja wanaolalamika. Mtu bomba lake limekauka wiki nzima, amepiga simu atukane, atashangaa anakata simu akisema asante. Ile sauti ndiyo chombo chake cha kazi. Laiti ningelikumbuka hilo mapema.

Wakati huo nilikuwa nimeshahamia chumba changu mwenyewe, ng'ambo ya pili ya mji. Yeye ndiye aliyeomba. "Baba, ukinitazama nikila, koo linafunga. Niache nijiuguze." Jumapili nilikwenda kumwona, kisha Jumapili nyingine akasema ana zamu, na iliyofuata pia ana zamu, hata Jumamosi za kikundi. Sikuona ajabu. Sauti si naisikia?

*

Asubuhi moja nikasikia mvua nyuma ya sauti yake.

Mpishi wa kambi husikia mvua kabla ya mtu mwingine yeyote. Mvua ni kuni mbichi, na ni wanaume hamsini wamelala hemani wanadai chai. Nikasikia bati likipigwa, na maji ya mfereji yakidondokea kwenye ndoo.

Nikachungulia dirishani kwangu. Vumbi.

Nikasema mji mkubwa huu, mvua inaweza kuchagua upande.

Kesho yake, mvua. Kesho kutwa, mvua ile ile na ndoo ile ile. Nje kwangu jua linatoboa.

Jumamosi nikakaa benchi moja na Kinyozi, mwenzetu wa kikundi, anayekaa mtaa mmoja na mwanangu.

"Kinyozi, huko kwenu mvua zimewaandama."

"Mvua gani? Mpishi, umekunywa nini asubuhi? Hata ya bomba hatuna, muulize binti yako."

Benchi zima likacheka. Nami nikacheka, ila kicheko kikanifia njiani.

"Haijanyesha hata manyunyu?"

"Ilinyesha siku moja tu, ile iliyong'oa bango la saluni yangu. Wiki ngapi hizo? Tangu hapo ni kupiga chafya tu."

Mama Viti alikuwa anafuta benchi la nyuma. Kitambaa kikasimama mkononi mwake.

Sikuaga mtu. Nilitoka.

*

Jirani wa mwanangu, wa mlango wa pili, alinikuta napiga hodi.

"Afadhali umekuja, mzee. Nilidhani amesafiri. Halafu nasikia mtu anatapika bafuni, najiuliza aliyesafiri ni nani."

Tukausukuma mlango pamoja.

Mwanangu alikuwa ameketi sakafuni, kati ya kitanda na ukuta, khanga ameifunga machoni. Simu iko mapajani.

"Mama, ni mimi."

Akaishusha khanga kidogo, akaipandisha tena upesi.

"Baba, usisimame wawili. Simama mmoja."

"Niko mmoja."

"Basi chumba kinanitania. Kila kitu kinakuja na pacha wake."

Nikamshika kwapani, nikamsimamisha. Alikwenda hatua chache kama mtu anayetembea juu ya godoro, akaniangukia kifuani.

"Nimelewa," akasema, "na hata kunywa sijanywa."

"Tangu lini uko hivi?"

"Siku nyingi nyingi. Chakula kinarudi, kisha maji nayo yakaanza kurudi."

"Na kazini?"

"Niliomba ruhusa. Nimewaambia nauguliwa na baba."

"Kwa nini hukusema?"

"Si nasema kila asubuhi?"

"Unasema uongo kila asubuhi."

"Uongo sijasema. Nimesema ukweli wa siku moja." Alipumzika kidogo, pumzi hazikumtosha. "Siku ile ya mvua niliamka vizuri, Baba. Yai lilikaa. Nilifika hadi duka la dawa na kurudi. Nikajua siku nzuri nyingine sitaipata upesi, basi nikakaa jikoni nikarekodi nyingi kwa mkupuo, nikaziweka za siku mbaya. Nabadilisha chakula tu. Hii yai, hii mtindi, hii uji."

Nikauliza nilichokuwa naogopa kuuliza.

"Na lile la mwisho?"

"Lipi?"

"Baba, umeamka."

Akaikaza khanga machoni.

"Na lile pia. Nilisema mara nyingi mfululizo, baba umeamka, baba umeamka, mpaka nikajicheka."

Wasomaji wangu, nimeunguzwa na mafuta ya moto na nimepasuliwa tumbo. Nawaambia, pale sakafuni ndipo nilipojua maumivu.

"Kwa nini, mama? Nani alikudai?"

"Ulikuwa unaitika," akasema. "Niliogopa nikinyamaza utarudi porini."

*

Nilimbeba mwenyewe hadi kwenye teksi. Miaka yote alililia awe mwepesi. Alikuwa mwepesi.

Hospitalini wakamkimbiza ndani na kitanda cha magurudumu, mimi nikaachwa korido. Mama Viti alikuwa ameshatoka ukumbini na kufika pale, ameketi sakafuni ameegemea ukuta, mkoba kifuani. Hakuniangalia.

"Ulijua," nikamwambia.

"Alinipigia. Akaniambia chakula kinarudi."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia hiyo ya njiani."

Niwaeleze. "Ya njiani" ni neno letu la kikundi. Nywele zikikatika, ya njiani. Ukisikia baridi katikati ya joto, ya njiani. Ukilia bila sababu mbele ya sahani, ya njiani, itapita. Neno hilo limewatuliza wengi, nikiwemo mimi.

"Aliposema maji nayo yanarudi?"

"Nikamwambia anywe kidogo kidogo, kwa kijiko."

"Akasemaje?"

"Akasema, sawa mama, asante sana."

"Kwa sauti ile?"

"Kwa sauti ile, Mpishi. Nikalala usingizi."

Nilikuwa nimejaa hasira hadi kooni. Nilitaka kumtupia zote, nitue.

Akauliza taratibu, "Wewe ulipotapika, nilikuambia nini?"

Aliniambia hivyo hivyo, nami nikapona, nikawa najitapa nayo kwenye benchi.

"Mimi nilitapika," akasema. "Kinyozi alitapika. Sote tukaambiwa ya njiani na sote tukapita. Kikundi kizima ni cha watu waliopita. Aliyekwama hayupo kwenye benchi akatuambia."

Akafunika uso kwa mkoba. Nikaketi kando yake sakafuni, maana hasira ilikosa pa kwenda.

*

Daktari wa zamu alikuwa mwanamke wa makamo, sweta juu ya koti jeupe, macho mekundu kwa uchovu. Aliniita dirishani.

"Mzee, kuna vitamini moja ambayo mwili hauweki akiba kubwa. Mtu akitapika wiki kadhaa, inaisha. Ikiisha, ubongo unaanza kuumia. Yanaanza macho, inafuata miguu, kisha kumbukumbu. Tumemwekea dripu yake. Macho yanaweza kurudi. Miguu inaweza kurudi. Kumbukumbu siwezi kukuahidi."

"Mbona anatapika?"

"Pale alipokatwa, njia imebana. Inabidi alazwe usingizi, tupitishe mpira mdomoni tuipanue. Na tusikawie, maana uwezo wake wa kuhimili usingizi wa dawa unapungua kila saa. Tatizo ni kwamba amekataa."

"Amekataa?"

"Amesema amekatwa mara moja, inatosha. Nimemweleza hakuna kukata. Amekataa kwa adabu mpaka nikajikuta namshukuru."

Nilimjua mwanangu hapo.

"Sasa nisikilize," akasema daktari. "Mtu mzima mwenye akili timamu akisema hapana, mimi sina ruhusa ya kumgusa. Lakini kama akili imeshaguswa, anaamuliwa na mtu wake wa karibu. Ana nani?"

"Mama yake alifariki. Ni mimi tu."

"Basi nisaidie. Jina lake analijua. Kazini kwake anapajua. Mwezi hajui, lakini hata mimi nikitoka zamu ndefu mwezi siujui. Ila kuna habari moja anatusimulia, kwa undani kabisa. Ugonjwa huu ukitoboa kumbukumbu, akili huliziba tundu kwa kujitungia jambo, na mgonjwa mwenyewe huamini. Nataka uniambie hii habari ni ya kweli au imetungwa."

Tukaingia wodini. Mwanangu alilala chali, kitambaa kibichi machoni, dripu ikidondoka. Muuguzi alikuwa anamfuta mikono.

"Binti, baba yako amekuja," akasema daktari. "Tusimulie tena ile safari."

Akatabasamu chini ya kitambaa.

"Baba, upo?"

"Nipo, mama."

"Wasimulie wewe. Ile likizo uliyonichukua kambini."

Nikaitazama dripu. Akaendelea mwenyewe.

"Nilikuwa darasa la pili. Alikuja na lori la kokoto, akaniketisha mbele, dereva akaniruhusu nipige honi. Kambini akanipa mwiko mrefu kuliko mimi, nikapanda juu ya kreti nikakoroga uji wa wafanyakazi. Mmoja akalalamika una madonge, baba akamwambia huyu ndiye mpishi mkuu, mletee malalamiko yeye. Jioni akanibeba mabegani tukaenda kutazama greda likisawazisha udongo. Nikalala hemani kwake. Blanketi lilikuwa fupi, akanifunika koti lake la mvua."

Mwiko ule ulikuwepo. Kreti lilikuwepo. Mtu wa madonge namkumbuka kwa sura, na koti la mvua lilichanika kwapani. Yote hayo nilimsimulia mwanangu mwenyewe, nilipokuwa naugua kwake. Kila kitu kilikuwa cha kweli isipokuwa yeye. Hakuwahi kukanyaga kambi hata moja.

Alizichukua hadithi zangu, akatafuta mahali pa kukaa ndani yake.

Muuguzi alipangusa macho kwa kiwiko. "Ulikuwa baba mzuri, mzee," akasema.

Daktari akaniangalia. "Mzee?"

"Baba, mwambie," akasema mwanangu.

Mimi maisha yangu nimewaambia wasimamizi kwamba kuna nyama kwenye mchuzi ilhali kuna mfupa uliopitishwa tu. Uongo haunipi shida. Na huu ulikuwa mdogo, "ndiyo" moja. Ningeisema ningekuwa baba aliyembeba mtoto mabegani, mbele ya mashahidi, na mwanangu angefurahi. Na hapana yake ingebaki hapana, na njia ingebaki imebana.

"Hapana, daktari," nikasema. "Sikuwahi kumchukua. Ni hadithi zangu, nilimsimulia."

Muuguzi akaacha kumfuta mikono.

Mwanangu akaivuta pembe ya kitambaa. Akafumba jicho moja ili nibaki mmoja. Akanitazama mashavu, shingo, mabega, akarudi tena mashavuni, kama mtu anayetafuta nyumba kwenye mtaa uliobomolewa.

"Huyu mzee ni nani?" akamuuliza muuguzi.

"Si baba yako?"

"Baba yangu hawezi kusema vile." Alilisema kwa upole, kwa sauti yake ya kazini. "Halafu baba yangu ni mtu mnene, dada. Akiingia hapa mtamjua tu, mlango wote unajaa."

"Mama, ni mimi. Nimepungua. Ulinihudumia mwenyewe."

"Pole, mzee wangu. Nadhani umekosea wodi. Dada, msaidie atafute mtu wake."

Akarudisha kitambaa machoni.

*

Daktari alinitoa hadi mlangoni.

"Jibu nimelipata. Hawezi kujiamulia. Utaweka sahihi wewe."

"Nipe kalamu."

"Utapewa. Lakini akipigana na sisi itabidi ashikwe na watu wanne, na kwa alivyodhoofika, kule kupigana peke yake kunaweza kumwondoa. Namhitaji atulie."

Kutoka kitandani mwanangu akasema, haombi wala halii, anatoa taarifa, "Msinibembeleze. Baba akifika akaniambia kubali, nitakubali. Nitamngoja."

Muuguzi akatusogelea, akanong'ona.

"Mzee, kitambaa kiko machoni. Sauti yako si aliitambua mwanzo? Toka nje, uingie upya."

Nikamtazama daktari. Daktari akatazama sakafu, maana yake hakukataa.

Nikatoka korido. Mama Viti akainua kichwa, akaniona nimesimama nimeshika ukuta, midomo inacheza.

"Unafanya nini, Mpishi?"

"Najaribu kukumbuka nilivyokuwa natembea."

Hakuuliza zaidi. Alisimama, akanishika kiuno nyuma, akanirudisha mgongo kidogo. "Uzito ulikuwa mbele," akasema. "Miguu mbalimbali. Usiinue nyayo, buruza. Na uhemee mdomoni, sote tulihemea mdomoni." Alikuwa analia wakati wote huo, ananipanga kama anavyopanga mabenchi.

Nikaingia.

Niliburuza miguu. Nikashika fremu ya mlango kana kwamba napita kwa shida, nikahema. Nilipita mlango ule na nafasi tele huku na huku, nikatembea kama mtu aliyeubeba mwili ambao nilishauacha. Nikafika kitandani, nikajibwaga kwenye kiti kwa kishindo, jinsi nilivyokuwa najibwaga zamani.

Mwanangu alikuwa ameshaanza kutabasamu.

"Umechelewa," akasema.

"Magoti, mama."

"Kuna mzee mmoja alipita hapa. Mwembamba. Anawaambia watu hukunichukua kambini."

"Nimekutana naye."

"Mfukuze."

"Ameshaondoka."

Akanyoosha mkono. Nikaupokea kwa mikono yangu miwili, nikiificha mifupa.

"Daktari anataka kunipanua njia ya tumbo," akasema. "Nikubali?"

"Kubali, mama. Utalala, utaamka, utakunywa maji na yatakaa."

"Wewe utakuwepo?"

"Nitakuwepo."

Daktari alikuwa ameshageuka, anawaashiria wenye kitanda cha magurudumu waingie. Nikaona muuguzi akishusha pumzi. Hata mimi nilianza kushusha yangu.

"Ngoja kwanza," akasema mwanangu. "Yule mzee amenitia wasiwasi. Wewe ni baba kweli?"

"Ni baba."

"Usiku ule hemani, uliponifunika koti, nililia. Uliniuliza nalia nini, nikakwambia. Sijawahi kumwambia mtu mwingine, hata mama. Nikumbushe, nililia nini?"

Wenye kitanda wakasimama. Nilipekua kambi zangu zote, barabara zote, kila hema nililowahi kulala. Mtoto hakuwemo katika hata moja.

Mwanangu hakuachia mkono wangu. Alikuwa ameinua kidevu anasikiliza, daktari ananitazama, muuguzi ananitazama, wote wanangoja nikumbuke.